Kutu yenye vitundu: niliyojifunza Kigoma kwenye unga wa chuma wa kuhifadhi umeme

Kupata oksaidi ya chuma, yaani kutu, siyo kazi, mtu yeyote mwenye bati bovu na mvua za hapa Kigoma anaipata bila hata kujua. Kazi ni vitundu. Nimekaa na huu unga mwekundu muda mrefu sasa, kwanza chuoni nilipokuwa nasoma, baadae hapa nyumbani kwenye maabara ya shule ninayofundisha kemia, na kama kuna kitu ningependa anayeanza akishike ni kwamba ule uwazi ndani ya chembe, pale ambapo hakuna kitu, ndo unaamua kama unga wako utashika chaji au utabaki kuwa rangi ya kupaka ukuta. Na uwazi huo hauchongwi na mtu, unaachwa na kitu kilichokuwa ndani kikatoka. Maji, mvuke, hewa ya ukaa. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujawasha moto wowote ni nini kitatoka, na kitatoka kwa kasi gani.

Watu wanahangaikia hii kitu kwa sababu ya hesabu moja. Betri ya lithiamu iliyoko kwenye simu yako upande hasi ina grafaiti, na grafaiti kinadharia inabeba chaji ya milliampea-saa 372 kwa kila gramu, basi, haivuki hapo. Oksaidi nyekundu ya chuma, ile hematiti, kinadharia inafika kama 1007, kwa sababu kila molekuli moja inaweza kupokea lithiamu sita. Mwaka 2000 Tarascon na wenzake kule Ufaransa walionesha kwamba oksaidi za metali kama kobalti, nikeli, shaba na chuma zikiwa katika kipimo cha nano zinashika lithiamu kwa njia tofauti kabisa na grafaiti, yaani oksaidi yenyewe inavunjika, oksijeni inaenda kukaa na lithiamu, chuma kinabaki vipande vidogo sana vilivyotawanyika humo humo, na ukigeuza mkondo mambo yanarudi. Chuma kipo kila mahali na ni rahisi, hakina sumu kama kobalti, sasa nani asingependa.

Shida ni kwamba chembe ikipokea lithiamu yote hiyo inavimba karibu mara mbili ya ukubwa wake. Ukichaji na kutumia, inavimba inasinyaa, inavimba inasinyaa, mwisho inapasuka na vipande vinapoteza mgusano na waya, uwezo unaporomoka. Ndo hapo vitundu vinapoingia. Chembe yenye uwazi ndani ina mahali pa kuvimbia bila kumsukuma jirani, alafu elektrolaiti, kile kimiminika kinachobeba ayoni (chembe zenye chaji), inaingia mpaka ndani kwa hiyo ayoni haina safari ndefu ndani ya kitu kigumu. Na kuna eneo. Chukua gramu moja ya hematiti ngumu kama kijiwe cha mraba, ngozi yake yote ya nje ni kama sentimita 2 za mraba tu. Isage gramu hiyo hiyo iwe chembe za nanomita 10, eneo linapita mita za mraba 100. Gramu moja! Mimi hesabu hii huwa nawafanyisha wanafunzi wa kidato cha sita kwa mkono, kwa kalamu, maana ukisimuliwa tu huamini.

Sasa njia. Chuoni tulikuwa na otoklevu, lile kopo la chuma lenye tefloni ndani, unatia kloraidi ya chuma na urea, unafunga, unaweka oveni, unasubiri. Nzuri lakini huku nyumbani sina. Ninayo mizani, mabika, karatasi za kuchujia, salfeti ya chuma na asidi oksaliki, vitu ambavyo maabara nyingi za sekondari vipo kwa ajili ya taitresheni. Basi nikaenda njia ya oksaleti. Unayeyusha salfeti ya chuma kwenye maji yaliyotiwa asidi kidogo, unamimina myeyuko wa asidi oksaliki taratibu huku unakoroga, unapata unga wa njano mzuri sana unaozama chini, hiyo ndo oksaleti ya chuma yenye maji mawili ndani yake. Unachuja, unaosha, unakausha, unachoma. (Asidi oksaliki ni sumu, glavu uvae, na usiwaachie wanafunzi peke yao.)

Kwa nini oksaleti na siyo ile njia rahisi ya kuchoma geothaiti, ile kutu ya njano? Kaa na kalamu. Geothaiti ikiwa hematiti inapoteza maji tu, kama asilimia 10 ya uzito wake, na ukiangalia ujazo inapungua kama robo na kidogo. Oksaleti ikiwa hematiti inapoteza asilimia 56 ya uzito, maji yanatoka, kaboni inatoka. Na ujazo ndo balaa: oksaleti ni nyepesi, gramu 2.28 kwa sentimita ya ujazo, hematiti ni nzito, kama 5.25, kwa hiyo kama chembe ingebaki na umbo lake la nje vile vile, zaidi ya asilimia 80 ya ndani ingekuwa tupu. Haibaki hivyo kabisa, inasinyaa kiasi, ila hiyo hesabu inakuonesha una mtaji wa uwazi kiasi gani mkononi kabla hujaanza kuuharibu kwa moto.

Na moto ndo unaoharibu. Mkate wa kumimina wa Ujiji, ule wa mchele, ukiukaanga juu juu kwa moto mkali unapata ngozi ngumu na tumbo bichi, vile vitundu vyake vizuri havitokei kwa sababu hewa haikupewa nafasi ya kutoka kwa mpangilio. Oksaleti ni hivyo hivyo. Maji yake yanatoka kwenye nyuzi 150 mpaka 200 hivi, alafu oksaleti yenyewe inavunjika kuanzia kama 200 na kuendelea ikiwa kwenye hewa, na ukiruka hizo hatua kwa moto mkali gesi zinatoka kwa fujo, chembe zinapasuka badala ya kutobolewa, na ule mvunjiko unatoa joto lake wenyewe juu ya hilo la kwako. Maabara kubwa wanapandisha nyuzi moja au mbili kwa dakika kwa tanuru la umeme lenye programu. Mimi natumia jiko la mkaa lililozungushiwa matofali ya kuchoma, chungu kipana cha udongo, unga umetandazwa mwembamba, na kipimajoto cha waya kinachochomekwa kwenye multimita ya fundi umeme. Napandisha joto kwa kuongeza kaa moja moja. Inachosha, sikatai, lakini inawezekana, na kuna faida ambayo sikuitegemea, umeme ukikatika mkaa haujui.

Ukivuka nyuzi 500 na kuelekea 600 unaanza kulipa gharama nyingine, chembe ndogo zinashikana, vitundu vidogo vinafungwa na kumezwa na vikubwa. Nilitenga mafungu makusudi, fungu moja likaishia kama 400, lingine nikalipeleka mpaka mkaa ulipokuwa mweupe. La pili lilitoka jekundu la kupendeza zaidi, zuri kweli kwa macho, na kwenye umeme likawa dhaifu kabisa. Rangi nzuri haina habari na vitundu.

Kuhusu rangi lakini, kuna kitu mkaa ulinifundisha ambacho tanuru la umeme lisingenifundisha. Chungu kikikaa katikati ya moshi wa mkaa, unga unatoka mweusi na ukileta sumaku unaruka. Hiyo ni magnetaiti siyo hematiti, kwa sababu kaboni monoksaidi ya mkaa inanyang'anya oksijeni. Ndo kemia ile ile ya wahunzi wa Buha waliokuwa wanayeyusha chuma na kufua majembe huku kwetu kabla ya reli haijafika, wao walikuwa wanaipeleka mbele zaidi mpaka chuma chenyewe. Kwa hiyo sumaku imekuwa kipimo changu cha kwanza: unga mweusi unaoruka, hewa haikutosha, wa kahawia unaovutwa, mara nyingi bado ni ile oksaidi ya kati, magimaiti, haijageuka yote, mwekundu usiojali sumaku, hapo sawa. Nikaweka bomba la kuleta hewa safi juu ya chungu na mfuniko wa kuzuia moshi wa pembeni, tatizo likaisha.

Hapa nisisitize, tafadhali. Oksaleti ya chuma ukiichoma kwenye chombo kilichofungwa, bila hewa, unaweza kupata chuma cha unga laini sana ambacho kikikutana na hewa kinawaka chenyewe. Na gesi inayotoka ina kaboni monoksaidi, inaua bila harufu. Fanya nje, upepo ukupigie mgongoni, tandaza unga mwembamba, usifunge. Usifanyie jikoni kwako.

Kitu kingine ambacho vitabu vinakipitia haraka ni kukausha. Unga ukiwa umelowa maji, yale maji yakiondoka kwenye nafasi ndogo ndogo yanazivuta kuta zikutane, mvutano wa uso wa maji ni kama 72 na wa ethanoli ni kama 22 kwa kipimo kile kile, yaani ethanoli inavuta kwa upole zaidi ya mara tatu. Naosha mara za mwisho kwa spiriti, ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, kabla ya kukausha kivulini. Tofauti inaonekana kwa jicho, unga ulioshwa kwa spiriti unabaki laini na mwepesi, wa maji unashikana mabonge ambayo ukiyasaga unakuwa umeanza kuua ulichokijenga.

Utapimaje vitundu bila mashine? Kipimo chenyewe kinachoheshimika ni cha Brunauer, Emmett na Teller wa 1938, unalisha unga naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri na kuhesabu kiasi kilichonata. Hiyo lazima utume sampuli kwa wenye mashine na usubiri. Hapa kwangu natumia silinda ya kupimia, natia gramu kadhaa, nagonga gonga mezani mpaka unga usishuke tena, nasoma ujazo. Hainiambii vitundu vina ukubwa gani ila inanilinganishia fungu na fungu, na inanikumbusha jambo ambalo waandishi wengi wa hizi tafiti wanalikwepa: vitundu vinachukua nafasi. Ukijisifu kwa gramu unaonekana shujaa, ukipimwa kwa ujazo betri yako inakuwa gunia. Alafu eneo kubwa linakula lithiamu kwenye chaji ya kwanza, ngozi inajitengeneza juu ya kila ukuta wa kila kitundu na lithiamu iliyoishia humo hairudi. Na hata ukivuka hapo, oksaidi hizi zinachajiwa kwa volti ya juu na kurudisha kwa volti ya chini, pengo linaweza kukaribia volti nzima, huo umeme unapotea kama joto. Ndo maana pamoja na hiyo 1007 hujaiona kwenye simu. Mi sioni sababu ya kuwaficha vijana hili, wakilijua mapema wanachagua vizuri pa kuweka nguvu.

Lithiamu nilishaiweka pembeni hata hivyo. Inataka kisanduku kilichofungwa chenye gesi ya agoni ambacho unyevu na oksijeni viko chini ya sehemu moja kwa milioni, na hapa ziwani unyevu ndo hewa yetu. Nikahamia kwenye maji. Superkapasita ya maji, kifaa kinachoshika chaji juu ya uso wa unga wake, haihitaji kisanduku, unga wa chuma unakaa upande hasi, upande chanya unaweka oksaidi ya manganizi, katikati chumvi ya salfeti ya sodiamu kwenye maji. Na manganizi iko jalalani, betri kavu za redio na tochi zile za zinki na kaboni zina unga mweusi wa manganizi na kijiti cha kaboni katikati, kijiti nikakifanya kipokea umeme. Unauosha unga huo sana kwanza, una chumvi zake, na zile zilizoisha kabisa unga wake umeshabadilika siyo mzuri. Gundi ya maabara inataka kiyeyusho chenye madhara kwa uzazi, sikuitaka, nikatumia CMC, unga wa kunenepesha, ile ile wanayonunua akina mama wa sabuni za maji, inayeyuka kwenye maji na inashika vizuri. Kaboni lazima uchanganye, hematiti yenyewe ni mbovu sana kupitisha umeme, vitundu vizuri namna gani bila kaboni ya kufikisha umeme pale havifanyi kitu. Taa ndogo nyekundu ya LED iliwaka na seli zimeunganishwa mfululizo, ikafifia taratibu. Wanafunzi walishangilia mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza.

Mjomba wangu ana kipe, yaani chombo cha kuvulia dagaa, pale Kibirizi hapa Kigoma, wanavua dagaa usiku kwa taa, zamani karabai, saivi taa za LED na betri. Kipindi cha mbalamwezi hawaendi ziwani, dagaa hawaji kwenye taa, ndo kipindi anachopata muda wa kuja kukaa na mimi. Akaiangalia ile LED akanyamaza, alafu akaniuliza,

"Mwanangu, hiki kitanifikisha asubuhi?"

"Shida iko hapo mjomba, ngoja tupige hesabu."

Taa ya wati 10 kwa masaa 10 ni wati-saa 100. Superkapasita za dukani, tena nzuri, ni kama wati-saa 5 kwa kilo. Kilo 20. Betri ya risasi na asidi, ile anayoitumia, inafika 30 mpaka 40 kwa kilo, kwa hiyo kilo 3 hivi zinatosha. Akasema basi hicho ni nanga siyo taa, na alikuwa sahihi. Maji nayo yanakubana, kinadharia yanaanza kuvunjika kwenye volti 1.23, na nishati inapanda kwa mraba wa volti, volti mara mbili nishati mara nne, kwa hiyo kila sehemu ya volti unayokosa inauma. Wenye vifaa wanalisukuma jozi hili la chuma na manganizi mpaka 1.6 na zaidi, mi nasimama 1.2 kwa sababu sitaki haidrojeni na oksijeni kwenye kopo moja mbele ya watoto wa watu.

Lakini malalamiko yake yalinipa njia. Alichokuwa analalamikia siyo uzito, ni kwamba betri zake zinakufa haraka, na zinakufa kwa sababu zinanyonywa mpaka mwisho kila usiku na risasi haipendi hivyo kabisa. Betri ambayo haijali kunyonywa mpaka mwisho ni ya chuma na nikeli, ile ya Edison ya 1901, volti 1.2 kwa seli, ndani yake potasiamu haidroksaidi. Upande wake hasi ni chuma chenye vitundu. Chuma chenye vitundu! Unaweka oksaidi yako, ukiichaji inageuka kuwa chuma humo humo, ukiitumia inarudi kuwa haidroksaidi, na hapo tena inavimba na inahitaji nafasi kama ilivyokuwa kwa lithiamu. Uzito wake ni wa kuvumilika, wati-saa 20 kwa kilo hivi, kwa hiyo taa ya mjomba ni kama kilo 5, mtumbwi unabeba bila shida.

Kwa hiyo sasa hivi niko hapo. Oksaleti ile ile, moto ule ule wa polepole, kuishia 400, spiriti mwisho. Potasiamu haidroksaidi nanunua, ingawa bibi zetu waliokuwa wanapika sabuni ya mawese kwa majivu walikuwa na magadi ya potasiamu mikononi mwao, na magadi hayo ukiyachanganya na chokaa unapata haidroksaidi yenyewe, siku moja nitajaribu nione uchafu wa kloraidi ni kiasi gani. Kinachonisumbua ni haidrojeni. Chuma kikichajiwa kwenye alkali kinapenda kutoa haidrojeni badala ya kupokea chaji, na vitundu vingi maana yake ni mahali pengi pa kutolea, kwa hiyo kile kile ninachokipigania ndo kinachonivujishia umeme, na betri ikikaa bila kutumika inajimaliza yenyewe pole pole. Dawa inayojulikana ni salfaidi kidogo sana kwenye elektrodi, inashika uso wa chuma na kuzuia hiyo haidrojeni. Nalinganisha mafungu yenye salfaidi na yasiyo nayo, na mafungu ya vitundu vikubwa na vidogo, naandika kila kitu kwenye daftari la mistari na nawapa wanafunzi wasome multimita wenyewe kila jioni kabla hawajaenda nyumbani.